Kucha hazikai? Hivi ndivyo unavyochagua piki za vidole za gitaa

Kama unapiga gitaa kwa vidole na nyuzi zako ni za chuma shida unaijua, kucha unaitunza wiki tatu nzima halafu siku moja unafua nguo tu inakatika. Na wengine kuzifuga hatuwezi kabisa, kuna wa gereji, kuna wauguzi, kuna sisi wa Pwani tuliolelewa kwamba kucha zinakatwa na siku 40 ndio mwisho, na zile za bandia za saluni ukibandika maji ya udhu hayapiti. Piki za vidole, yaani vipande vya plastiki au chuma vya kuvaa kwenye ncha za vidole kuvutia nyuzi, ndio jibu, unavaa ukitaka kupiga, ukimaliza unavua. Na wala si jambo geni kwetu, mtazame mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, kwenye taarab ya Zanzibar utaona vipete kwenye vidole vyote viwili vya shahada vimeshikilia risha, kile kijiti cha kuvutia nyuzi, wazo ni lile lile.

Kwanza usinunue nne kwa mpigo. Anza na ya gumba na ya kidole cha shahada, basi. Mpiga gitaa wa Kongo Jean-Bosco Mwenda alivyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, ni gumba na shahada zinazofanya kazi yote na ukisikiliza unaapa wapo watu wawili. Vidole vingine utaongeza baadaye kama muziki wako unavitaka.

Ya gumba chukua ya plastiki. Zinakuja ndogo, za kati na kubwa, na hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanaangalia rangi badala ya kujaribu. Ivae halafu vuta uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, kwa nguvu mara kumi hivi, ikizunguka kidoleni ni kubwa. Kaa nayo dakika tano, kidole kikianza kuwa cheusi au kufa ganzi inabana. Ikibana usiitupe, chemsha maji, itumbukize kama sekunde kumi ukiishika na koleo, ipanue kidogo kidogo kisha itie maji baridi ishike umbo. Hiyo ni kwa plastiki ya kawaida, na fanya taratibu kwa sababu ikipata moto sana inapinda vibaya hairudi. Kama ncha ni ndefu mno inagonga uzi wa jirani, ipunguze na tupa ya kucha na umalizie na msasa laini.

Sasa za vidole. Sikiliza hapa maana hata maduka mengine yanakuelekeza vibaya: lile bapa linalovuta uzi linakaa upande wa nyama ya kidole, sio juu ya kucha. Ukivaa kama kucha uzi unaivua ukiwa unarudi, utasema piki ni mbovu kumbe umeigeuza.

Kwenye nyuzi za chuma mimi nasema chukua za chuma. Watengenezaji Dunlop wanazo za unene tofauti kuanzia inchi 0.013, yaani kama milimita 0.33, mpaka 0.025, kama milimita 0.64. Nyembamba inajikunja kirahisi na unausikia uzi chini ya kidole, kwa hiyo ndio nzuri ya kuanzia, ila ukiwa na mkono mzito itakuwa inafunguka funguka, hapo panda mpaka 0.018. Nikeli silva, ile nyeupe, sauti yake kali na inang'aa, brasi ya njano ina joto zaidi. Yale masikio yake mawili yanayozunguka kidole unayabana na vidole au koleo ndogo yafuate kidole chako, na ncha nayo ikunje ifuate mviringo wa kidole, ikibaki imesimama wima itakuwa inanasa kwenye uzi kila ukivuta. Wengi wanaacha piki wiki ya kwanza kwa sababu hii tu na inaniuma, maana ni kazi ya dakika mbili.

Kwa gitaa la nailoni sikushauri chuma, inakwaruza na ule ulaini wote unapotea. Hapo tafuta aina ya piki inayoitwa Alaska Pik, hiyo inavaliwa kweli kama kucha, ulimi wake unapita chini ya kucha yako, kwa hiyo lazima uwe na kucha iliyotokeza kidogo, hata milimita moja mbili, na utaitia tupa mpaka ikae urefu unaoutaka. Kama kucha zako unakata mpaka mwisho basi hiyo haikufai, bora nyama ya kidole tupu.

Ule mkwaruzo kwenye nyuzi za besi unapungua ukisugua ukingo wa piki na msasa wa namba 1000 kwenda juu, mpaka upitishe kidole usisikie kitu. Usishangae pia mkono ukiwa mzito siku za mwanzo, piga taratibu, gumba peke yake kwanza mpaka besi itulie, halafu ndio uvae ya pili.

Ziweke kwenye kikopo kikavu cha vazelini hivi, sio mfukoni na funguo, zinapinda. Na ukiwa karibu na bahari brasi inachafuka haraka, futa jasho kwa kitambaa kabla hujazirudisha.