Namna ya kuisoma picha ya sebuleni ya Gillray

Binti wa dada yangu anatengeneza jukwaa la mchezo unaotokea London mwaka 1805. Aliponiuliza, “Mjomba, sebule zao zilikuwaje?”, tulikaa jioni moja na picha mbili za James Gillray, mchora vikaragosi wa Kiingereza: Harmony before Matrimony (wapenzi kabla ya ndoa) na Matrimonial-Harmonics (wao hao baada ya ndoa).

Hatua ya 1: Zifungue kwenye tovuti ya British Museum. Zinazosambazwa mitandaoni hukatwa kingo, na habari iko kwenye kingo.

Hatua ya 2: Soma mstari mdogo wa chini. Sheria ya 1735 iliwalinda wachoraji kwa sharti kwamba tarehe na jina la mwenye picha vichorwe kwenye bamba lenyewe, yaani shaba iliyochongwa ambayo picha huchapwa kutoka kwake. Hapa utakuta Oktoba 1805 na jina la H. Humphrey, mwenye duka St James's Street. Ila hiyo ni tarehe ya bamba la shaba, si ya karatasi! Katikati ya karne ya 19 mchapishaji Henry Bohn aliyachapa upya mabamba ya Gillray, tarehe zikabaki zilezile. Niliwahi kupoteza siku nzima nikiorodhesha karatasi ya Bohn kuwa ya zamani. Ukiwa nayo mkononi, igeuze: Bohn mara nyingi alichapa pande zote mbili. Kisha iinue kwenye mwanga. Karatasi nyingi za Uingereza za wakati ule zina mwaka ndani yake. Ukiwa wa baada ya mwaka wa bamba, umeshapata jibu: karatasi ilichapwa baadaye. Ukiwa wa kabla yake, bado hujathibitisha kitu, maana karatasi hukaa ghalani. Rangi nazo zilipakwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, kwa hiyo usiinakili rangi ya pazia ukadhani ni ushahidi.

Hatua ya 3: Orodhesha vitu kabla ya watu. Katika Matrimonial-Harmonics, mke anapiga piano akimpa mume mgongo, yaya anaingia na mtoto anayelia, mbwa anamfokea paka. Piano, kochi na vyombo vya kifungua kinywa viweke jukwaani. Ni vya sebule ya wenye nazo. Mbwa na paka waache: hao ni fumbo la ndoa iliyoharibika.

Hatua ya 4: Chora ramani ya chumba.

Kwa nyumba za watu wa kawaida, Gillray simpendekezi. Mtafute Walter Geikie wa Edinburgh (1795–1837), kiziwi tangu utotoni, aliyewachora majirani zake kwa upole mkubwa.