Kabla hujagawa madawati: hatua za kujenga maadili ya biashara kiwandani

Nimesimamia kiwanda cha kukamua alizeti mkoani Singida kwa miaka tisa. Mwaka wangu wa pili tulipeleka madawati 60 katika shule ya msingi ya jirani. Risala ikasomwa, picha zikapigwa, mwenyekiti wa kijiji akashukuru. Nikiwa naelekea kwenye gari, mama mmoja anayetuuzia mbegu akanivuta pembeni. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, madawati mazuri, Mungu awabariki. Lakini gunia langu nikilipima kwa jirani lina kilo 65, likifika kwenu lina 63. Hizo mbili zinakwenda wapi?"

Kesho yake nilikwenda kwenye kituo chetu cha kununulia na mawe ya mizani. Mama alikuwa sahihi. Msimu ule kituo kilikuwa kimepokea magunia 4,000. Kilo 2 kwa kila gunia ni tani 8, na kwa bei yetu ya shilingi 800 kwa kilo, hizo ni shilingi milioni 6.4. Madawati yalitugharimu milioni 4.2. Watoto walikalia fedha za wazazi wao, na sisi ndio tuliopigiwa makofi.

Utaratibu huu niliujenga baada ya siku hiyo. Meneja mwenzangu, ufuate kwa mpangilio wake; msaada kwa jamii nimeuweka mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Andika wote wanaokudai

Chukua daftari, si kompyuta, ukae na mhasibu na msimamizi wa zamu. Andikeni kila anayekidai kiwanda: wakulima, wafanyakazi, mama lishe, fundi wa kuchomelea, mwenye fuso, serikali, na majirani wanaokula vumbi la maganda yenu. Mbele ya kila jina andikeni anadai nini, tangu lini, na nani atalimaliza deni hilo kwa tarehe gani.

Anza na michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hapaswi kukatwa zaidi ya 10. Kosa baya kuliko yote ni kumkata mtu kwenye hati ya mshahara halafu usipeleke. Usiridhike na maneno ya mhasibu. Waombe wafanyakazi watatu wa ngazi tofauti wakuonyeshe taarifa zao za michango.

Kisha waangalie wadogo. Mama lishe anayewalisha vibarua wako kwa mkopo wa miezi miwili anaendesha kiwanda chako kwa mtaji wake. Kwetu sasa ankara yoyote iliyo chini ya shilingi 500,000 inalipwa ndani ya siku saba, hata kama ya msambazaji mkubwa itasubiri.

Hatua ya 2: Pima mizani, halafu mpime aliyemwajiri mpimaji

Muhuri wa Wakala wa Vipimo ni lazima, lakini mizani iliyobebwa kwenye lori kwa barabara ya vumbi haibaki kama ilivyopigwa muhuri. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, fanya hivi:

- Hakikisha inasoma sifuri ikiwa tupu.
- Weka jiwe la kilo 20 katikati, kisha kwenye kila pembe ya bamba. Pembe moja ikitofautiana, mizani haitumiki siku hiyo.
- Ongeza mawe hadi kilo 60, kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi kwa uzito mdogo na kudanganya kwa mkubwa.
- Pima magunia matupu kumi, gawanya kwa kumi, na uzito huo ndio utakaotolewa. Usikubali "toa kilo moja tu" ya mdomoni.
- Andika majibu, saini wewe na mkulima yeyote aliyepo.

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikataeni hata mkulima mwenyewe akiileta. Ukiizoea kwake, kesho utaidai kwa mwenzake.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi. Karani wetu hakuwa ameweka hata senti mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nimeweka bonasi kwa kituo kitakachofikisha ghalani mzigo mzito kuliko ulioandikwa kwenye stakabadhi. Nilidhani nazuia wizi. Karani alielewa vizuri zaidi yangu nilichokuwa nalipia, akakitafuta kwenye pembe ya mizani. Kwa hiyo kila unapokuta udanganyifu, kabla hujaandika barua ya onyo, soma malengo uliyompa yule mtu na ujiulize angeyafikia vipi kwa njia halali. Tulifuta bonasi ile. Na ziada ya ghalani tunaichunguza kama tunavyochunguza upungufu, maana mbegu hazizai ndani ya stoo.

Kurejesha fedha kulichukua wiki tano. Tulipitia vitabu vya stakabadhi, tukamlipa kila mkulima kwa simu, na orodha tukaibandika ofisi ya kijiji.

Hatua ya 3: Undugu, zawadi na geti la asubuhi

Mara moja kwa mwaka, kila anayenunua, anayepokea mzigo au anayeajiri ajaze karatasi moja: ndugu gani anafanya biashara na kiwanda, na yeye ana hisa wapi. Meneja ajaze wa kwanza na karatasi yake isomwe kwenye kikao. Shemeji yangu ana fuso. Hajakatazwa kuomba kazi, ila bei yake inajadiliwa nikiwa nje ya chumba.

Kwa zawadi, weka daftari mapokezi. Mbuzi wa sikukuu kutoka kwa msambazaji anaandikwa, anachinjwa, analiwa na wote kantini. Bahasha inarudishwa siku hiyohiyo mbele ya shahidi. Wapo wanaodhani rushwa ni ya maofisa wa serikali pekee. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa pia mnunuzi wa kampuni binafsi anayepokea kitu ili ampendelee muuzaji. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya 2016, kampuni binafsi inatakiwa iwe na utaratibu wa kuzuia hongo unaolingana na ukubwa wake, na mwenye mamlaka akijua au akishuku hongo ana saa 24 za kutoa taarifa.

Wafundishe madereva sentensi moja ya kujibu anayetaka "hela ya soda" barabarani: "Afande, naomba kontroo namba, ofisi italipa leo," yaani namba ya kulipia faini serikalini. Na dereva akicheleweshwa kwa ajili ya sentensi hiyo, usimkate posho.

Geti la asubuhi meneja wengi hawaliangalii. Wakati wa msimu, wanawake hamsini wanasimama nje wakisubiri kuchaguliwa kupakia mafuta, na mwanamume mmoja ananyoosha kidole. Hapo ndipo rushwa ya ngono inapopata nafasi. Ondoa kidole hicho: majina yaandikwe jana yake jioni, kwa zamu, na watu wawili, mmoja wao mwanamke.

Hatua ya 4: Mahali pa kusemea

Sanduku liwe mbali na macho ya msimamizi, na namba ya simu ishikwe na mtu asiyepanga zamu. Tanzania ina sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa, ibandike kwa ufupi. Jibu kila lalamiko ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni "bado tunachunguza".

Hatua ya 5: Sasa nenda kijijini

Usimalizane na mwenyekiti. Omba mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuingia, na uchukue nakala ya muhtasari. Wenye migodi, tangu mabadiliko ya sheria ya 2017, wanatakiwa kila mwaka kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa wajibu wao kwa jamii. Kiwanda cha mafuta hakibanwi na kifungu hicho, lakini mfano wake unafaa kuigwa.

Tulipouliza, watu hawakutaja madawati. Walitaja kisima kilichokufa kwa sababu pampu iliharibika na hakuna aliyekuwa na fedha ya kipuri. Basi kwa kila mradi andika nani atalipa mafuta, fundi na vipuri mwaka wa tatu. Kama hamna jibu, msizindue.

Akija mshauri kukuuzia cheti cha ISO 26000, mkatalie. Huo ni mwongozo wa uwajibikaji uliotolewa 2010, na hautolewi cheti.

Kwenye kituo chetu jiwe la kilo 20 linakaa juu ya meza, halifungiwi kabatini. Mkulima yeyote anaweza kulipandisha kwenye mizani kabla ya gunia lake. Yule mama hulipandisha kila mara, na karani humsubiri.