Jinsi ya kuomba kununua nyumba ya rehani inayouzwa na benki, Arusha na Moshi

Ukipita barabara za ndani za Sakina au Njiro, kuna siku utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na pembeni yake karatasi ya kampuni ya udalali, nusu imechanwa, inasema nyumba hiyo hiyo itapigwa mnada Jumamosi saa nne asubuhi. Maandishi yote mawili yana wenyewe, na wewe mnunuzi unaingia katikati yao. Nimeingia mara mbili. Mara ya kwanza, Moshi, nililipa kianzio nikakaa miezi saba kuirudisha hela yangu. Mara ya pili, Arusha, nilipata hati yenye jina langu. Tofauti ya mara hizo mbili ilikuwa geti moja ambalo sikuligonga.

Jua kwanza unamwandikia nani

Dalali anayekuonyesha nyumba hauzi chochote. Anayeuza ni benki, kwa mamlaka inayopewa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Benki inaweza kuuza kwa mnada wa hadhara au kwa makubaliano na mnunuzi mmoja, na mara nyingi nyumba iliyokosa mteja mnadani ndiyo inayorudi kwa madalali ikitafutiwa ofa. Basi muulize dalali aliyekuita: una barua ya benki inayokuruhusu kuiuza nyumba hii? Akianza kuzunguka, mlipe hela yake ya usumbufu kama mlikubaliana, kisha nenda mwenyewe tawi la benki, kitengo cha mikopo, uulize.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui, nayo kwangu ndiyo bora kuliko zote: mwenye nyumba anauza mwenyewe kwa ridhaa ya maandishi ya benki. Hela inaingia kwenye deni lake, benki inaondoa rehani, kinachobaki anakichukua yeye. Hapo anayekukabidhi funguo ni mtu aliyekubali.

Kabla ya kuandika ofa, fanya upekuzi

Omba nakala ya hati au walau namba yake, upeleke Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, ufanyiwe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Hati nyingi za zamani za Arusha zilisajiliwa Moshi, kwa hiyo usishtuke kuona hivyo. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, muda wa miliki, rehani iliyosajiliwa na ni ya benki gani, na kama kuna zuio. Hakikisha namba ya kiwanja na kitalu kwenye hati ndiyo hiyo iliyo uwanjani. Nyumba ya jirani ikifanana rangi, macho yanadanganya. Kama eneo halijapimwa na benki ilishika mkataba wa mauziano tu, masjala haitakusaidia. Utamtegemea mwenyekiti wa mtaa na majirani wa mipaka yote minne, na mimi ningekushauri uiache nyumba hiyo labda bei iwe ya kukufidia usumbufu wa upimaji na urasimishaji.

Ulizia pia kesi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na masjala ya Mahakama Kuu, ya Arusha au ya Moshi kulingana na nyumba ilipo, ndiko zinakofunguliwa. Mwombe wakili wako akatafute kwa jina la mmiliki na la benki.

Kisha muombe ofisa wa benki akuonyeshe mambo matatu: ilani ya kushindwa kulipa, ambayo kisheria inampa mkopaji siku 60 kabla ya kuuzwa, ridhaa ya mwenza wakati rehani inawekwa, na kama kulikuwa na mnada, tangazo lake la angalau siku 14. Hilo la ridhaa ndilo lililoniumiza.

Nyumba ya Moshi ilikuwa upande wa Pasua, vyumba vitatu, paa jipya. Niliitazama kutoka kwenye pikipiki, dalali akisema tusimsumbue mwenyewe. Nikalipa asilimia 25. Wiki tatu baadaye mke wa mkopaji alifungua shauri, akaja na cheti cha ndoa ndani ya bahasha ya nailoni iliyokunjwa mara nne, akasema hakuwahi kusaini kitu chochote. Sheria inataka nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila mwenza kukubali. Sijui angeshinda au angeshindwa, maana benki ilirudisha hela yangu kabla baraza halijaamua, bila riba na bila pole. Lakini kama ningegonga geti siku ile, huyu mama angeniambia mapema.

Gonga geti

Arusha niligonga. Nilikwenda mchana, bila dalali, na mwenyekiti wa mtaa akanisindikiza. Alifungua mama wa makamo, mikono ina unga. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu. Tumeshazoea wageni wa namna yako." Tukakaa barazani. Mume wake alikuwa amekopa kununua lori, lori likapata ajali, deni likabaki. Walikuwa tayari kuuza, walichoogopa ni kuuzwa kwa bei ya kutupa na kutolewa vitu barabarani. Sikumwahidi kitu siku hiyo. Nilimwambia nitarudi na mzee akiwepo, na nikarudi. Baada ya hapo tulikwenda benki watatu.

Hata kama unanunua kwenye mnada, nenda. Utajua nani anaishi humo, kama kuna mpangaji mwenye mkataba, kama kuna kaburi uani, kama chumba cha nyuma kimejengwa nje ya mpaka. Mwenye nyumba akikufukuza, umejua pia. Na kumbuka ana haki ya kulipa deni lake mpaka dakika nyumba inapouzwa, kwa hiyo usihesabu tayari unayo.

Bei

Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe thamani ya soko na thamani ya kuuza kwa haraka. Watu hudhani ukiipata kwa nusu bei umepata bahati. Sheria inaitaka benki ipate bei bora inayowezekana, na ikiuza kwa chini ya bei ya kawaida ya nyumba za namna hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, inadhaniwa imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Mkopaji akiamua kwenda mahakamani, bei ya chini kupita kiasi ndiyo silaha yake ya kwanza. Mnunuzi mwaminifu analindwa na sheria, lakini kulindwa baada ya miaka ya kesi ni jambo jingine. Mimi nilitoa ofa karibu na thamani ya soko, pungufu kidogo kwa sababu ya paa lililovuja. Mzee alikubali, benki ikakubali.

Kuandika ofa

Barua iende kwa meneja wa tawi, nakala kwa dalali kama yupo. Isiwe ndefu. Yangu ilikuwa hivi, nimebadilisha vipengele:

"Natoa ofa ya kununua nyumba iliyopo Kiwanja Na. __, Kitalu __, Njiro, Jiji la Arusha, yenye Hati Na. __, kwa shilingi __. Ofa hii ni halali kwa siku 21. Nitalipa asilimia 25 ndani ya siku 3 baada ya kupokea barua yenu ya kukubali, na salio ndani ya siku 30, kwenye akaunti mtakayoitaja kwa maandishi. Kianzio kirudishwe chote endapo rehani haitaondolewa au miliki haitahamishika kwa sababu isiyotokana nami. Nyumba ikabidhiwe ikiwa tupu. Madeni ya kodi ya pango la ardhi, umeme na maji hadi siku ya makabidhiano yalipwe na muuzaji."

Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya TIN, na uthibitisho wa hela au barua ya benki itakayokukopesha. Hakikisha benki inagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama si raia wa Tanzania, simama hapo: ardhi hupewi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu mwingine.

Mnadani hakuna barua. Masharti yako kwenye tangazo, kwa kawaida asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku chache. Ukichelewa salio, kianzio kinaweza kupotea, kwa hiyo usinyooshe mkono hela ikiwa bado kwenye ahadi ya shemeji.

Hela yoyote iende benki. Usimpe dalali kianzio mkononi, hata akiwa mjomba wako. Kamisheni yake muandikiane kabla.

Baada ya kukubaliwa

Wakili anaandaa mkataba na hati ya uhamisho. Kama ni benki inayouza, inasaini yenyewe kwa mamlaka yake ya kuuza. Kama ni mwenyewe, anasaini yeye na mwenza wake, benki inatoa hati ya kuondoa rehani. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida ya kuuza nyumba, inalipwa TRA na muuzaji, lakini bila risiti yake uhamisho wako hausogei, basi ifuatilie kana kwamba ni yako. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni wako. Fomu za ardhi ni Na. 29, 30 na 35, na utahitaji ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, picha za pasipoti na risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka huo. Malipo yote ni kwa kumbukumbu namba, hakuna fedha taslimu kaunta.

Siku ya makabidhiano tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukasoma mita ya umeme ya LUKU na ya maji pamoja, nikapiga picha. Angalia LUKU hasa: kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021, na deni la nyuma litakatwa kwenye umeme unaonunua wewe. Mzee aliomba wiki mbili zaidi mpaka mtoto wake amalize mitihani, nikampa, tukaiandika tarehe. Siku ilipofika funguo zilikuwa tatu kwenye kamba ya katani, na ya stoo ilikuwa imevunjika. Kesho yake nilikwenda TANESCO kwa umeme na AUWSA kwa maji, kubadilisha majina. Kwa Moshi maji ni MUWSA.