Songwe na Dar: somo la densiti ya hewa kwenye simuleta ya ndege

Mwalimu wa uhandisi wa ndege aliyeko Mbeya ana maabara mlangoni: kiwanja cha Songwe (HTGW) kiko mita 1,345 juu ya usawa wa bahari. Programu ya simuleta (inayoiga urushaji wa ndege kwenye kompyuta) kama FlightGear, ambayo ni ya bure, au X-Plane, inatosha.

Hesabu zitangulie, ndege ifuate. Chukua Dar es Salaam kwa nyuzi 30: densiti, yaani kilo za hewa katika kila mita ya ujazo, ni takriban 1.165 kg/m³. Songwe kwa nyuzi 26 ni 1.003. Kasi ya kunyanyukia ni ileile kwenye kipima kasi, lakini mraba wa kasi halisi unaongezeka mara 1.16 (1.165 gawanya kwa 1.003). Injini isiyo na turbo nayo inapoteza kama asilimia 16 ya nguvu, inabaki na 0.84. Gawanya 1.16 kwa 0.84: ndege itahitaji karibu mara 1.4 ya umbali wa kukimbia ardhini.

Sasa weka Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kwenye kiwanja cha Dar (HTDA), kisha HTGW. Zima hali ya hewa ya moja kwa moja, upepo sifuri, shinikizo la usawa wa bahari hektopaskali 1013, uzito uleule, flapi (vibao vya nyuma ya mabawa) nyuzi 10, nyanyua pua kwenye noti 55. Joto likaguliwe kwenye kipimajoto cha nje cha ndege, usiamini tu ulichoandika kwenye menyu; huenda programu imelichukua kama joto la usawa wa bahari.

Rekodi muda na kasi halisi mara 10 kwa sekunde, kisha jumlisha umbali kwenye lahajedwali. Ukirekodi mara moja tu kwa sekunde, pale mwishoni kosa linaweza kufika mita 31. Saa ya mkononi iachwe: X-Plane ikikosa picha 20 hivi kwa sekunde, hupunguza mwendo wa muda wake.

Kinachoharibu jaribio mara nyingi ni mafuta. Songwe, wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa ukiachwa mbele kabisa, injini inapata mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, na mwanafunzi atailaumu densiti kwa kosa la mkono wake. Shika breki, fungua nguvu zote za injini, rudisha wenzo wa mchanganyiko taratibu hadi mizunguko ya injini ifike kilele, ndipo uachie. Wafanye pia mara moja bila kurekebisha. Tofauti ya namba hizo mbili ni somo lenyewe.

Muda ukibaki, rudia Songwe kwa nyuzi 8, asubuhi ya Julai. Kila mmoja aandike makadirio yake kabla ya breki kuachiwa.