Hedi gasketi imeungua? Tafuta kwanza kilichoiua, ndo ufungue boliti

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloki, haijifii tu. Hilo ndo nataka ulishike kabla hujagusa spana, maana nimefungua injini nyingi ambazo zilishafunguliwa mara mbili mara tatu, kila fundi anaweka gasketi mpya, anafunga, anamrudishia mwenye gari, na baada ya muda mfupi gari inachemsha tena. Gasketi ilikuwa mpya na nzuri, lakini rejeta imeziba nusu nzima, au feni haiwaki mpaka injini ishapitiliza joto. Kwa hiyo kazi hii ina nusu mbili, kubadilisha gasketi na kumtoa aliyeiua, na ya pili ndo watu wanairuka.

Hatua ya 1: hakikisha kweli ni gasketi

Dalili unazijua: kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua na chini hakuna tone, moshi mweupe mzito kwenye ekzosi ambao hauishi hata injini ikipata moto, mapovu kwenye rejeta, na paipu ya juu ya rejeta inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini ya baridi. Hiyo ya mwisho mi naiamini sana, maana injini ya baridi haina mvuke wa kujaza paipu, presha hiyo inatoka kwenye silinda.

Ila usihukumu kwa ute wa kahawia chini ya kifuniko cha oili peke yake. Gari inayotembea safari fupi fupi inakusanya unyevu pale juu na inaonesha ute uleule. Chomoa stiki ya oili uangalie, kama oili ya chini nayo imegeuka rangi kama tope jepesi, hapo maji yameingia kweli, na usiiwashe tena hata kuisogeza, kwa sababu bearing za krenki, shafti kuu ya injini, hazidumu na oili yenye maji.

Pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Pasha injini kama bado inaruhusu, toa plagi zote, kata mafuta na moto wa plagi, kanyaga eksileta mpaka mwisho na betri iwe imejaa. Injini nyingi za petroli zinasoma kati ya bar 10 na 13, lakini namba yenyewe si muhimu kama tofauti kati ya silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Silinda moja ikiwa chini inaweza kuwa gasketi, inaweza kuwa valvu au ringi, hapo ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefunga, usikilize unapotokea: ukitokea kwenye rejeta kwa mapovu ni gasketi au ufa, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye tundu la oili ni ringi.

Hatua ya 2: mtafute muuaji gari ikiwa bado nzima

Fanya hivi kabla ya kufungua, maana ukishamwaga kulanti huwezi tena kuona mengi. Angalia mfuniko wa rejeta. Watu wanaudharau huu mfuniko na ni kifaa kabisa: maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100, ukiyafunga na presha ya bar 1 yanafika karibu 120 kabla ya kuchemka, kwa hiyo mpira wake ukilegea umepoteza nyuzi 20 za usalama na hakuna taa itakayokuambia. Angalia feni inawaka kwa joto gani. Thamostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwa joto, itoe uiweke kwenye sufuria la maji uyapashe moto na kipimajoto ndani, ifunguke karibu na namba iliyochongwa juu yake. Rejeta ishike kwa tahadhari injini ikiwa ya moto, sehemu iliyoziba utaikuta baridi katikati ya moto. Wotapampu ikitoka angalia mapanga yake, yale ya bati yanaliwa na kutu mpaka yanabaki vipande, yale ya plastiki yanateleza kwenye shafti huku puli inazunguka vizuri kabisa kwa nje.

Na kama aliyekuwa nayo alikuwa anajaza maji ya bomba tupu miaka yote, jibu unalo tayari. Kutu ndani, chokaa ndani, njia za maji zimekonda.

Hatua ya 3: kufungua

Injini iwe ya baridi kabisa, iache ilale usiku. Hedi ya aluminiamu ukiilegeza ikiwa ya moto inapinda hapohapo, na umejiongezea kazi. Toa betri, mwaga kulanti na oili, piga picha kila waya na kila paipu hata kama unaona utakumbuka. Weka pistoni ya kwanza juu, weka alama zako kwenye taiming, yaani mpangilio wa krenki na kamshafti inayofungua valvu, kabla hujatoa belti au cheni.

Boliti za hedi zinalegezwa kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo kwa awamu mbili tatu, kinyume cha zinavyokazwa. Hedi ikigoma kunyanyuka usiingize bisibisi kati ya hedi na bloki, mkwaruzo mmoja pale ni njia mpya ya maji. Igonge kwa nyundo ya mpira, na kagua tena, mara nyingi kuna boliti moja ndogo umeisahau upande wa cheni. Ukiitoa ilaze juu ya vipande vya mbao, usiiweke uso chini kwenye meza kama kamshafti bado ipo, valvu zilizo wazi zitapinda.

Sasa gasketi ya zamani usiitupe. Ilaze kwenye mwanga uisome. Pete ya silinda iliyoliwa imekuwa nyeusi, na ule weusi unatembea kama ulimi kuelekea tundu la maji au silinda ya jirani, hapo ndo presha ilipopita. Pistoni au valvu iliyosafishika mpaka inang'aa wakati zingine zina makaa meusi, hiyo silinda ilikuwa inakunywa maji. Na kama pete imepondeka bila dalili ya joto kali, shuku injini ilikuwa inagonga, yaani mafuta yanajiwasha kabla ya wakati, na hapo muuaji si rejeta, ni taiming ya moto wa plagi au mafuta ya okteni ndogo.

Hatua ya 4: kusafisha na kupima, hapa usikimbie

Safisha nyuso zote mbili kwa kikwangulio cha plastiki na dawa ya kulainisha gasketi. Zile diski za kusugua zinazofungwa kwenye drili sizitaki karibu na injini, zinachimba aluminiamu bila wewe kuona na vumbi lake gumu linaingia kwenye oili linakwenda kula bearing.

Mashimo ya boliti kwenye bloki yakauke kabisa. Niliwahi kuletewa bloki yenye ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye shimo la boliti, na mwenyewe anaapa haikuchemsha tena tangu ifungwe. Kumbe shimo lilikuwa na kulanti chini, boliti ikashuka, maji hayabanwi, hayana pa kwenda, bloki ikapasuka kwa nguvu ya spana tu. Chovya kitambaa, vuta, puliza kwa upepo, halafu rudia, na vaa miwani.

Kupima mpindo: chukua rula ya chuma iliyonyooka kwelikweli, iweke kwa urefu pande zote mbili na katikati, halafu kwa mshazari mara mbili, na jaribu kupitisha filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Injini nyingi kikomo kiko kati ya mm 0.05 na 0.1, kitabu cha injini yako ndo kinaamua. Pima bloki pia, watu wanapima hedi tu. Kama gari ilichemsha sana, hedi ipelekwe ikapimwe ufa kwa presha kabla ya kulipia kusagwa, maana kusaga hedi yenye ufa ni kutupa hela.

Hatua ya 5: kufunga

Gasketi inakwenda kavu, bila silikoni, labda kitabu kiseme kuna kona ya cheni inataka tone. Angalia alama ya upande wa juu, na hakikisha matundu ya oili hayajazibwa. Boliti nyingi za kisasa zinavutika zikikazwa na hazirudi urefu wake, hizo ni mara moja tu, nunua mpya. Kama kitabu kinataka oili, paka kidogo kwenye thredi na chini ya kichwa cha boliti, bila hivyo tokirenchi (spana ya kupimia mkazo) inasoma msuguano na siyo mkazo.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu. Mfano wa mpangilio unaoukuta sana: awamu ya kwanza Nm 30, ya pili Nm 60, halafu zungusha boliti nyuzi 90, halafu nyuzi 90 tena. Huo ni mfano, usiutumie kwenye injini yako, tafuta namba zake. Ukimaliza taiming zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ikigoma simama, valvu inagusa pistoni.

Jaza kulanti polepole, toa upepo kwenye mfumo, hita iwe imefunguliwa. Oili mpya na filta mpya, na kama maji yalishaingia kwenye oili, badilisha tena baada ya kilomita mia chache.

Sasa ile hamu ya kuongeza nguvu

Najua, injini iko wazi mbele yako na kichwa kinawaza tabo (turbo, ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini). Kuna vitu ambavyo ndo wakati wake hasa: gasketi ya chuma yenye tabaka kadhaa badala ya ile ya nyuzinyuzi, ila inadai uso laini sana kwa hiyo mwambie fundi wa mashine mapema unaweka ipi, stadi na nati badala ya boliti kama presha itaongezeka, sili mpya za valvu, na rejeta yenye uwezo zaidi. Hivyo vyote vinaongeza maisha hata kama hutaongeza farasi mmoja.

Kusaga hedi kwenyewe tayari kunabadilisha injini. Chukua injini ya sisi (cc) 1600 ya silinda nne, kila silinda sisi 400, uwiano wa kompresheni 9.5. Nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni 400 gawa kwa 8.5 (uwiano toa 1), yaani sisi 47. Ukisaga ukapunguza sisi 2 tu zinabaki 45, na uwiano unapanda mpaka karibu 9.9. Kidogo hicho kinasikika kwenye mguu, lakini pia kinaisogeza injini karibu na kugonga, na kamshafti ya juu inachelewa kidogo kwa sababu imekaribia krenki. Ukishasaga sana kuna gasketi nene zaidi za kurudisha urefu, uliza kama injini yako inayo.

Tabo kwenye injini iliyozaliwa bila tabo ni hesabu nyingine kabisa, inataka kompresheni ishuke, pistoni zinazohimili, mafuta ya kutosha na kompyuta iliyopangwa upya. Mi ushauri wangu, gari irudi kwanza ikiwa ya kawaida, itembee miezi kadhaa na kulanti isishuke hata kidole, mshale wa joto ukae palepale mlimani na kwenye foleni. Ukishaona hivyo ndo uje tuongelee bar ngapi za tabo.