SOMO: Kupima mionzi hatua kwa hatua, kuanzia getini kwenye kinu cha nyuklia mpaka kwenye gunia la udongo

Wakuu salaam. Kila baada ya miezi michache inazunguka klipu WhatsApp, jamaa ameshika kimashine kinalia tik tik tik juu ya samaki au mchele wa nje, chini maandishi mekundu, na mashangazi wanaifowadi mpaka simu inajaa. Mimi kazi ya kupima mionzi nimeifanya miaka kadhaa, kwanza mahospitalini kwenye vyumba vya eksirei, baadae porini na timu za kutafuta urani, na nikiona zile klipu huwa najiuliza mambo manne tu: hiyo namba ni ya nini, imepimwa na mashine gani, kwa umbali gani, na hapo mahali kwa kawaida pana kiasi gani? Likikosekana hata moja hapo hiyo namba ni kelele tu. Kuna mdau aliniomba niandike, haya nimekaa.

HATUA YA 1: Jua unapima nini

Watu wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni mionzi inayokufikia wewe ukiwa umesimama mahali, hiyo tunaisoma kwa mikrosiveti kwa saa (µSv/h). Cha pili ni uchafu, yani vumbi au maji yenye mionzi yamegandia kwenye meza, kiatu, mkono, hapo unahesabu mapigo kwa sekunde. Cha tatu ni kiasi kilichomo ndani ya kitu chenyewe, udongo, maziwa, samaki, hiyo ni bekereli kwa kilo. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika ndani ya sekunde moja, ni kitu kidogo mno, ndo maana habari zikiandikwa kwa bekereli zinatisha. Mtu mzima wa kilo 70 anatembea na bekereli kama 4,000 za potasiamu-40 mwilini mwake na anakula ugali wake vizuri tu.

Hivi vitatu havibadilishani kirahisi. Ukinionyesha namba ya µSv/h ukaniuliza samaki analika, sina jibu.

HATUA YA 2: Chagua mashine

Kaunta ya Geiger ya kawaida yenye tyubu ya chuma inaona gama (mionzi inayopenya sana) na beta kali (chembe zinazopenya kidogo). Ile yenye dirisha la maika, duara kama kisosi, inaona na beta dhaifu pamoja na alfa, lakini alfa inazuiwa hata na karatasi kwa hiyo lazima usogee karibu sana. Na hilo dirisha ni jembamba balaa, mie niliwahi kuinamisha moja kwenye nyasi kavu, bua likatoboa, gesi ikatoka, mashine ikafa palepale na siku nzima ya kazi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo sisogezi dirisha kwenye nyasi bila kifuniko cha wavu.

Ukitaka kujua NI MADINI GANI yanayotoa mionzi, Geiger haikusaidii, yenyewe inahesabu tu haijui majina. Hapo unataka kristali ya sodiamu iodaidi, au ile bosi yenyewe ya jemaniamu inayopozwa na naitrojeni ya maji. Hizi zinasoma nguvu ya kila gama: seziamu-137 inasimama kwenye 662, iodini-131 kwenye 364, potasiamu-40 kwenye 1461, zote kwa keV, ndo kipimo cha nguvu ya gama. Ni kama kutambua watu kwa sauti badala ya kuhesabu vichwa.

HATUA YA 3: Kabla hujatoka

Betri. Stika ya kalibresheni, yani tarehe ya kuhakikiwa usahihi wa mashine, kama imepitwa na tarehe hiyo mashine ni ya kuchezea. Alafu ijaribu kwa kitu unachokijua, sio lazima uwe na chanzo cha maabara maana hicho kina leseni zake, mfuko wa mbolea ya MOP unatosha, ina potasiamu nyingi, kama bekereli 16,000 kwa kilo, ukiweka dirisha karibu namba zinapanda kidogo. Mantili za karabai za zamani nazo zilikuwa na thoriamu, madini ya asili yenye mionzi, wazee walikaa nazo sebuleni. Ukimaliza vika mashine mfuko wa nailoni (dirisha liache wazi kama unatafuta alfa), ikichafuka unatupa mfuko hutupi mashine.

HATUA YA 4: Pima ya kawaida ya mahali, tunaiita bakigraundi

Hapa ndo watu wengi wanaporuka na hapa ndo kazi yote ilipo. Mionzi ya asili ipo kila mahali, kutoka ardhini na kutoka angani, sehemu nyingi utapata kati ya 0.1 na 0.2 µSv/h, lakini kuna sehemu ardhi yenyewe ina thoriamu au urani, mfano Mrima Hill kule Kwale au kwenye mawe ya fosfeti ya Minjingu, ukifika na namba za mjini kichwani utapiga kelele za bure. Na mapigo yanakuja bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Ukihesabu mapigo 100 kuyumba kwa 10 huku na huku ni kawaida, ukihesabu 10,000 unayumba kwa 100 tu yani asilimia moja. Kwa hiyo usisome mara moja ukakimbia, soma mara kumi, kila moja dakika nzima, andika zote, tafuta wastani. Ikitoka mvua kubwa subiri, mvua inashusha vitoto vya radoni (radoni ni gesi ya asili yenye mionzi, vitoto ni vinavyozaliwa ikivunjika) kutoka hewani na namba inapanda kwa muda bila mtu yeyote kufanya kosa.

HATUA YA 5: Kutembea na mashine

Nje, shika mita moja kutoka ardhini, tembea taratibu kwa mistari kama unapanda mahindi, anzia upande unaojua ni salama uende kwenye mashaka, sio kinyume. Ndani kwenye meza na sakafu sogea sentimita moja bila kugusa, mwendo wa kinyonga, maana ukipitisha haraka Geiger haijapata muda wa kuhesabu. Uchafu ukiuona jiulize unatoka au umeng'ang'ania: futa eneo la sentimita 10 kwa 10 kwa karatasi ya chujio, pima karatasi pembeni mbali na meza.

Kwenye kinu chenyewe mambo ni hayohayo ila yamepangwa. Chukua Koeberg karibu na Cape Town, kinazalisha umeme tangu 1984. Kwenye vinu kama hivyo mfanyakazi ana beji inayojumlisha dozi yake (kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, raia wa kawaida 1 juu ya ile ya asili), kutoka kwenye eneo la kazi unapita mlango unaopima mwili mzima, bomba la kutolea hewa lina kipimo chake, na nje ya uzio kuna beji na vichujio vya hewa, na watu wanaokusanya maziwa, majani, samaki.

Na mlango kama ule ndo ulioifumbua ajali ya kinu cha Wasovieti cha Chernobyl. Tarehe 28 Aprili 1986 kule Forsmark, Sweden, mfanyakazi alipita king'ora kikalia, viatu vyake. Kwanza walidhani kinu chao kinavuja. Walipochambua ile takataka wakaona mchanganyiko wake sio wa kwao, umekuja na upepo na mvua kutoka kilomita zaidi ya 1,000, na Wasovieti wakatangaza jioni ileile. Ona sasa: king'ora kilisema KUNA kitu, ila uchambuzi ndo uliosema ni NINI na KIMETOKA WAPI.

HATUA YA 6: Sampuli

Udongo chukua sentimita 5 za juu, sehemu kadhaa za eneo moja, changanya, kausha, saga, chekecha, pima uzito. Andika kwenye mfuko mahali, tarehe, saa, SIO kwenye karatasi ya pembeni itapotea. Kama unatafuta radiamu, ile inayozaa radoni, funga chombo kisipitishe hewa ukiache kama wiki nne, radoni ijae humo ndani ilingane na mama yake, ndo upime. Maabara nyingi za haraka haraka zinaruka hili na majibu yanatoka madogo.

Chujio la hewa nalo lina mtego wake. Ukilipima mara tu ukilitoa linawaka, ni vitoto vya radoni, vingi vinapungua nusu ndani ya kama nusu saa. Pima, liache siku tatu nne, pima tena. Kinachobaki ndo cha kujadili.

HATUA YA 7: Hesabu

Tuseme udongo kilo 1, umekaa kwenye mashine sekunde 3,600, kilele cha seziamu-137 (pale kwenye 662) kimekupa mapigo 900 baada ya kutoa bakigraundi. Mashine inakamata asilimia 2 ya gama zinazotoka, na katika kila mivunjiko 100 ya seziamu gama ni kama 85. Basi 900 ÷ (3,600 × 0.02 × 0.85 × 1) = 14.7 Bq/kg. Kulinganisha tu, Japani baada ya ajali ya kinu cha Fukushima waliweka kikomo cha 100 Bq/kg kwa vyakula vya kawaida kuanzia Aprili 2012, mwanzoni ilikuwa 500.

Nimemaliza, ulizeni.

MASWALI

Kijana wa Kariakoo: Mkuu kuna app nimeona inapima mionzi kwa kamera ya simu, vipi hiyo?
Jibu: Kamera ukiiziba na stika nyeusi kweli inaweza kuona gama, ila iwe kali sana. Hii mionzi ya kawaida haioni. Ikikwambia 0.00 haimaanishi chochote.

Mama Bahi: Shikamoo mtoa somo. Huku kwetu walikuja kutafuta urani miaka ile, sisi tunaogopa maji ya kisima. Mwanangu aliweka hiyo mashine kwenye ndoo ikasoma kawaida, tuko salama?
Jibu: Marahaba mama. Hapana, hiyo haijajibu. Urani inatoa zaidi alfa, nayo inaishia humohumo kwenye maji haifiki kwenye mashine. Alafu urani kwenye maji inatisha zaidi kama sumu ya figo, WHO wameweka mikrogramu 30 kwa lita. Peleka sampuli maabara, TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) wako Arusha na wana ofisi mikoani, omba wapime urani na jumla ya alfa na beta, uwape chupa safi isuuzwe kwanza kwa maji yaleyale ya kisima.

Mkilifi halisi: Kaka, huku Uyombo serikali ilitaka kuleta kinu cha nyuklia, watu wakapinga. Hebu niambie, kupima mazingira kabla hata kinu hakijajengwa kuna faida gani?
Jibu: Faida yake ndo kubwa kuliko zote. Kusipopimwa sasa, siku samaki akikutwa na kitu hakuna atakayeweza kusema kilikuwepo au kimeletwa. Kilichobaki toka majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60 kipo kwenye udongo duniani kote, kidogo. Wanakijiji mngeomba vipimo vya angalau mwaka mzima, kusi na kaskazi zote, na nakala zibaki kwenu. Hata ambao hamkitaki kinu, mimi ningewashauri hivyohivyo.

Chuma Chakavu Tandika: Sisi tunanunua vyuma kwa kilo, tutajuaje kimekuja kitu kibaya?
Jibu: Hili swali zito. Goiânia, Brazil, 1987, waokota vyuma waliingia kliniki iliyohamwa wakachukua mashine ya kutibu saratani, wakaifungua, ndani unga wa seziamu unang'aa bluu, watu wakagawana. Walikufa wanne, na watu zaidi ya 110,000 walipimwa uwanja wa mpira. Sasa sikia hii, mwanafizikia aliyekwenda kuangalia aliazima mashine, alipoiwasha ikaenda mwisho wa skrini kila upande anaogeuza, akaona mbovu hii akarudi kuchukua nyingine. Haikuwa mbovu. Kwako wewe: chombo kidogo kizito ajabu, kina risasi ndani, kina alama ya feni ya mabawa matatu, USIKATE, weka mbali watu wote, piga simu kwa mamlaka. Na geti la kupimia mzigo wenye yadi kubwa waweke.

Mzenji Muscat: Nasikia Japani wanamwaga maji ya Fukushima baharini, nkinunua Geiger ntaweza kupima samaki wa sokoni?
Jibu: Walianza Agosti 2023, kilichobaki zaidi ni tritiamu, yani haidrojeni yenye mionzi. Beta yake haipiti hata ngozi ya kufa ya kidole chako, Geiger haiioni kabisa, ni maabara tu kwa kimiminika maalumu. Wao wanachanganya na maji ya bahari iwe chini ya bekereli 1,500 kwa lita, WHO kwa maji ya kunywa wanasema 10,000. Hela yako nunulia hao samaki.

Fizikia UD: Somo zuri ila mtoa mada umeruka kitu, hizi Geiger zimekalibretiwa kwa gama ya seziamu, ukiipeleka kwenye eksirei ya nguvu ndogo inazidisha, na ukiiachia beta ile µSv/h sio µSv/h tena.
Jibu: Kweli kabisa mkuu, niliogopa kuwachosha watu nikakata, shukrani. Niongeze na jingine, kwenye mionzi mikali sana Geiger nyingine zinazidiwa zinarudi sifuri. Sifuri mahali pasipostahili sifuri, ondoka.

Dogo Mbagala: Nimeazima ya jamaa nimepata 0.14, ni hatari?
Jibu: 0.14 nini? Umesoma mara ngapi, urefu gani?
Dogo Mbagala: Mikrosiveti kwa saa, mara moja, nimeilaza juu ya kaunta ya granaiti jikoni.
Jibu: Iondoe hapo juu ya granaiti kwanza, toka nje, mita moja kutoka chini, mara kumi. Alafu rudi na zote kumi.