Laini ya simu kwa aliyehamia Arusha au Moshi kutoka nje: jina kwanza, bando baadaye

Ukihamia Arusha au Moshi kutoka Nairobi, Kampala, Bujumbura au Goma, usianze kwa kuuliza bando gani ni nafuu. Anza na jina. Laini utakayosajili wiki ya kwanza ndiyo itakayotunza pesa zako na kununulia umeme, na mwenye nyumba atatazama jina linalotokea kwenye muamala kujua kodi imetoka kwa nani. Jina likikosewa, ofa zote za mtandao hazitakusaidia.

Nyaraka

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mtanzania anasajili kwa namba ya NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa), ile yenye tarakimu 20. Wewe mgeni unasajili kwa pasipoti. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au Uganda kiache mfukoni, hata kama huko kwingine kinakuvusha mpaka.

Angalia tarehe ya mwisho ya pasipoti kabla ya kutoka nyumbani. Ikiwa imebakiza miezi miwili na uko karibu na ubalozi wako, ihuishe kwanza. Laini inafungamana na namba ya pasipoti iliyotumika, na siku simu ikiibwa utatakiwa kuonyesha nyaraka inayolingana na iliyomo kwenye mfumo. Ukishindwa kusubiri, sajili hiyo iliyopo, kisha ukipata mpya nenda nazo zote mbili dukani wabadilishe taarifa. Usiitupe ya zamani.

Mwenye kibali cha ukaazi, kiwe daraja A cha wawekezaji, B cha waajiriwa au C cha wanafunzi, watafiti na wanaojitolea, anaweza baadaye kuomba kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi. Kibali na kitambulisho vyote vina foleni zake, kwa hiyo usikae bila simu ukivisubiri. Anza na pasipoti, ukija kupata NIDA uhamishie usajili huko.

Dukani, si chini ya mwamvuli

Kila kona ya Arusha kuna kijana amekaa chini ya mwamvuli anasajili laini: Kilombero, stendi, Sanawari, Kwa Mrombo. Moshi ni hivyo hivyo kuanzia stendi hadi Double Road. Hao ndio mafrilansa. Kwa vocha na bando hawana shida, na Mtanzania mwenye NIDA anahudumiwa pale pale kwa dakika chache. Mgeni mwenye pasipoti aende duka la huduma kwa wateja la kampuni yenyewe. Arusha utayapata katikati ya mji, kuanzia Mnara wa Saa ukishuka barabara ya Sokoine. Moshi nako ni pale mjini kati. Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Mwisho wa mwezi foleni ni ya kukaa.

Frilansa atakayekwambia “pasipoti inasumbua, ngoja nikusajilie kwa NIDA ya dada yangu” mshukuru uondoke. Ni kosa kisheria, na hata sheria ikiwekwa pembeni, pesa zitakazoingia humo ni za dada yake. Akienda kudai laini imepotea, atapewa mpya yeye, si wewe.

Mhudumu atachagua kipengele cha mgeni, atapiga picha ukurasa wa pasipoti, atakupiga picha wewe, kisha atakupa kimashine kidogo chenye kioo uweke vidole. Kabla hajatuma, mwombe akugeuzie skrini usome mwenyewe. Makosa yanayorudiwa ni yale yale: jina la ukoo likawekwa mbele, herufi O ikaandikwa sifuri kwenye namba ya pasipoti, jina la tatu likaachwa. Wenzetu wa Kongo na Burundi wenye majina ya Kifaransa kama Jean-Pierre waangalie kistari na herufi moja moja. Kosa la herufi moja halizuii kupiga simu. Litakuja kukukwamisha siku unapounganisha laini na akaunti ya benki, majina yakakataa kulingana.

Halafu kuna ile ya “kidole hakijasoma, weka tena”. Mara nyingi ni kweli. Asubuhi za Juni na Julai Arusha ni baridi, ngozi inakauka, na mwenye piko vidoleni au aliyeshika saruji siku nzima husumbua mashine. Futa kidole, kipashe joto, bonyeza bila kukandamiza sana. Lakini ujumbe wa kuthibitisha usajili ukishaingia kwenye simu, hakuna sababu ya kidole kuwekwa tena. Anayeendelea kukiomba huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako, na laini za namna hiyo ndizo zinazotumika kutapeli watu.

Kwa hiyo kabla hujatoka kwenye kiti, piga *106#. Menyu hiyo ni moja kwa mitandao yote: inakuonyesha laini imesajiliwa kwa jina gani, na namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho. Ukikuta namba usiyoijua, sema hapo hapo waiondoe. Ikiwa ni ya mtandao mwingine, nenda duka la mtandao huo. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020 zinamruhusu mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao kwa matumizi ya kawaida, hivyo laini ya kubambikiwa inakuharibia jina na pia inakula nafasi yako. Rudia *106# kila baada ya miezi michache.

Mtandao upi

Vodacom, Airtel, Yas (wengi bado wanaiita Tigo, jina lilibadilika mwishoni mwa 2024), Halotel na TTCL. Mjini kati zote zinashika, kwa hiyo kuzilinganisha ukiwa umesimama Mnara wa Saa hakukwambii kitu. Pima pale utakapolala. Moshono, Ngaramtoni, Usa River na Tengeru kila mahali pana mtandao wake unaotamba. Upande wa Moshi, ukipanda Kibosho, Machame au Marangu, korongo moja tu linaweza kukunyima mawimbi ambayo jirani wa ng’ambo anayo. TTCL walifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro, Agosti 2022, lakini hilo halikuhakikishii kitu chumbani kwako Rau.

Njia ya uhakika ni hii: waulize majirani wawili au watatu wanatumia nini kwa intaneti (si kwa kupiga, hayo ni mawili tofauti). Nunua laini ya mtandao uliotajwa zaidi na bando la siku moja. Saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani na minara imezidiwa, jaribu simu ya video ukiwa chumbani na milango imefungwa. Ikikatakata saa hizo, usinunue bando la mwezi hata likiwa na ofa.

Watu wengi huku hutembea na simu ya laini mbili, na si ushamba. Moja ni ya pesa na kupigiwa, nyingine ya intaneti. Ukiichoka ya pili, unaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yako ile ile. Huduma hiyo ipo tangu Machi 2017. Utafanyiwa dukani na kutuma ujumbe kwenda 15080.

Simu yenyewe nayo ikaguliwe. Simu nyingi za mkataba kutoka Marekani zimefungwa kwa kampuni iliyoziuza na hazitasoma laini ya hapa mpaka zifunguliwe huko huko. Ukinunua simu iliyotumika mjini, piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe kwenda 15090. Jibu likuletee aina ya simu unayoiona mkononi. Ikija aina nyingine, rudisha. Tanzania ilizima simu feki Juni 2016.

Vocha, salio, bando

Huku karibu kila mtu analipia kabla ya kutumia. Mkataba wa kulipa mwisho wa mwezi upo zaidi kwa makampuni, na kwa mgeni hauna faida ya maana. Unaweka salio kwa vocha (*104*, namba za vocha, kisha #) au kutoka kwenye pesa za simu, unaangalia kwa *102#, halafu unanunua bando: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas *147*00#, Halotel *148*66#.

Usiwashe data ukiwa na salio tupu bila bando. Bei ya nje ya bando ni kubwa mara kadhaa, na simu mpya inayorejesha picha na mazungumzo ya WhatsApp itayameza yote kabla hujanywa chai. Kabla ya kuweka hata senti, zima upakuaji wa WhatsApp wa moja kwa moja na uiambie simu isasishe programu kwenye Wi-Fi tu. Kazi ya kurejesha kumbukumbu kaifanyie ofisini.

Kulinganisha mabando, gawa bei kwa MB. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, bando la shilingi 2,000 lina MB 800: hiyo ni shilingi 2.50 kwa MB. La shilingi 10,000 lina GB 5, yaani MB 5,120: chini kidogo ya shilingi 2. Linaonekana bora, mpaka usome kuwa GB 2 kati ya hizo ni za usiku wa manane. Zikitolewa, unalipa shilingi 3.26 kwa MB. Kwenye dakika, tofautisha “mtandao mmoja” na “mitandao yote”. Dakika 200 za kupigia wa mtandao wako hazina kazi ikiwa fundi, mwenye nyumba na shule ya mtoto wako mtandao mwingine. Na dakika za mitandao yote ni za humu nchini. Kupigia +254 au +256 kunakatwa kivyake.

Bando likikaribia kuisha muda na limebaki, nunua lile lile kabla ya dakika ya mwisho. Masalio kwa kawaida huunganishwa na jipya. Likishaisha muda, limekwenda.

Kitu kimoja kwa wanaofanyia kazi za ofisi za nje: tangu Oktoba 2023 TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) inataka wanaotumia VPN, ile njia ya faragha ya kuingilia mtandao wa ofisi, wajisajili kwake. Mwambie mwajiri wako alishughulikie mapema.

Pesa kwenye simu

Mwombe mhudumu yule yule aliyekusajili akufungulie huduma ya pesa: M-Pesa ya Vodacom *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Namba ya siri uiweke mwenyewe, si mhudumu, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana ameshika pasipoti yako.

Mkenya asidhani M-Pesa ya Safaricom itaendelea tu hapa. Ni pochi mbili tofauti, sarafu tofauti. Kinachowezekana ni kutuma kutoka moja kwenda nyingine. Njia hiyo ilifunguliwa 2015. Kama ndugu watakuwa wanakutumia kutoka Nairobi, hiyo peke yake ni sababu ya kuwa na laini ya Vodacom.

Wakala wa kutolea hatoi kwa namba yako ya simu. Atakutajia namba yake ya wakala, utaiingiza, jina lake litatokea, ulisome, ndipo uweke namba ya siri. Mtu akikuomba “tuma na ya kutolea”, anataka uongeze makato ya kutoa ili apate kiasi kamili. Ni kawaida, kwenye kodi ya nyumba mkubaliane mapema nani anayabeba. Dukani uliza kama wana lipa namba, namba ya kumlipia mwenye duka kwa simu. Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) unalipia kwa namba ya mita yenye tarakimu 11 na kurudishiwa tokeni ya tarakimu 20. Maji ya AUWSA (Arusha) au MUWSA (Moshi) na malipo ya serikali, kibali chako kikiwemo, yanakwenda kwa namba ya malipo.

Ndani ya wiki chache utapata ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” Haujatumwa kwako peke yako, wanapiga ramli kuwa kuna mtu leo ana deni la kulipa. Usijibu, itume namba hiyo kwenda 15040. Anayejiita huduma kwa wateja akapiga kwa namba ya kawaida ni tapeli pia, maana huduma kwa wateja ni 100.

Laini ya nyumbani

Iache kwenye simu kwa ajili ya jumbe za benki, lakini zima data yake kabla ya mpaka wa Namanga. WhatsApp inaweza kubaki kwenye namba ya zamani hata ukitumia intaneti ya hapa. Ukiamua kuihamishia namba mpya, tumia kipengele cha kubadili namba ndani ya WhatsApp na uweke ulinzi wa hatua mbili. Namba nyingi mpya zilikuwa za watu wengine, na usishangae ukipigiwa na wanaodai mkopo wa mwenye namba wa zamani.

Lile fremu la plastiki ulilochomolea laini lina PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, tarakimu nane. Lipige picha, uitunze mahali pasipo kwenye simu hiyo. PIN ya laini ukiikosea mara tatu inadai PUK, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa, unarudi dukani na pasipoti.